Waya Mahali pa Fyuzi

Kutoka Arusha hadi Karatu ni kilomita 140 hivi, na sehemu kubwa ya njia gari halina kazi ngumu. Mtihani huja ukishapita Mto wa Mbu, barabara inapoanza kukwea ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Rhotia. Pale gari bovu halina pa kujificha.

Noah yetu ni ya mwaka 2002. Ilitufikia ikiwa imeshachoka kidogo, nasi tukaichosha zaidi: watoto shule, magunia ya mahindi, misiba, safari za kumfuata shemeji pale lango la Lodoare akishuka kutoka kazini Ngorongoro. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Karatu haliachi tundu. Mlango wa pembeni ukaanza kugoma, tukajifunza kuuinua kidogo ndipo tuuvute. Kioo cha dereva kikashuka kisipande tena, tukakizoea nacho hivyo hivyo.

Kisha fyuzi ya feni ya rejeta ikaanza kuungua. Niliweka mpya, ikamaliza wiki. Iliyofuata ikamaliza siku tatu. Kijana mmoja wa gereji akanionea huruma. "Mzee, hii inakusumbua bure." Akakunja kipande cha waya wa shaba, akakichomeka mahali pa fyuzi. Feni ikazunguka. Nilimpa hela ya soda na kumsifia kwa majirani. Miezi minne sikuona fyuzi ikiungua. Ingeunguaje, na haipo?

Jumapili moja tulikuwa tunapanda kutoka Mto wa Mbu, watu sita na mkungu wa ndizi nyekundu. Kona ya tatu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaegesha pale watalii wanaposimama kupiga picha Ziwa Manyara. Nilipofungua boneti, ganda la waya wa feni lilikuwa limeyeyuka na kugandia chuma. Nikanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Mzee wangu, usifungue!" Alikuwa dereva wa watalii. Akanieleza kwamba kifuniko kile hubana maji ili yavumilie joto kubwa bila kuchemka. Ukikifungua ghafla, yanakurukia usoni yakiwa mvuke. Tena huku kwetu Karatu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hata maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 95 tu.

Tukakaa kando ya barabara saa nzima. Mke wangu akamenya ndizi, akauliza, "Kwani baba watoto, ile fyuzi ilikuwa inaungua kwa nini?"

Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kuuliza.

Kesho yake fundi wa umeme akanionyesha. Mota ya feni ilikuwa imejaa vumbi na kuchoka, kwa hiyo ilivuta umeme mwingi kuliko waya wake unavyoweza kubeba. Fyuzi ni utepe mwembamba uliotengenezwa ukatike kwanza ili vingine vipone. Kumbe ile ya shilingi 500 niliyoilaani ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri kuliko kitu chochote ndani ya gari lile.

Nikakumbuka kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tulikuwa na mweka hazina aliyedai risiti kwa kila shilingi na kusimamisha mkopo kwa sababu ya sahihi moja. Tukamwona mkorofi. Kwenye uchaguzi tukampumzisha, tukaweka mtu mpole asiyemkatalia yeyote. Vikao vikawa vitamu, vicheko na chai. Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, sanduku lilikuwa jepesi. Nami nilikuwa mmoja wa walionyoosha mkono kumwondoa yule wa kwanza.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikuficha tu. Nilimnyamazisha aliyekuwa akinitangazia. Kwa hiyo msomaji wangu, ukiwa na mtu nyumbani, kazini au kikundini ambaye kila mara ndiye wa kwanza kulalamika, usimbadilishe kabla hujafuatilia anacholalamikia.

Kwenye dashibodi ya Noah sasa nina fyuzi tano za akiba. Tangu mota ibadilishwe, sijatumia hata moja.