Ukifika Watamu, zima redio kwanza

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti na Desemba, barabara ya Mombasa kwenda Malindi hujaa magari ya watu wa bara. Kuna jamaa waliobanana na mikoba yao, kuna mabasi ya shule, na kuna vijana wa vyuo waliochangishana wakakodi matatu. Karibu kila gari lina muziki, na hakuna wa kuwalaumu, maana safari ndefu bila muziki ni kama wali uliopikwa bila nazi. Lakini ukishaipita Kilifi, ndugu msomaji, ukaanza kuona ukuta wa miti mkono wako wa kushoto, mwombe dereva apunguze sauti. Umeingia katika makao ya watu wengine, ingawa watu wenyewe wana manyoya na mabawa.

Msitu huo ndio Arabuko-Sokoke. Una ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420, na hakuna msitu mkavu wa pwani uliosalia katika Afrika Mashariki unaoushinda kwa ukubwa. Ng'ambo ya barabara, upande wa bahari, iko Hori ya Mida na mikoko yake, na mbele kidogo ni Watamu yenyewe, yenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Mgeni anaweza kuamka ufuoni, akashinda mikokoni, na jioni akaingia msituni. Kinachosikitisha ni kwamba wengi huhama na spika yao kutoka mahali hadi mahali, kana kwamba kote huko ni ukumbi mmoja wa disko.

Je, unapoteza nini ukiingia msituni na spika mkononi? Kwanza unampoteza sange. Huyu ni mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, mwenye pua ndefu kama mkonga na manyoya ya rangi ya dhahabu nyuma ya mgongo. Ulimwenguni kote, makao yake makuu ni msitu huu. Kutwa nzima hufukua majani makavu akitafuta wadudu, na maisha yake yanategemea masikio. Akihisi hatari huyapiga majani kwa mkia, pa-pa-pa, kisha hutimka. Mwenye spika hutembea saa tatu asimwone hata mmoja, halafu hurudi mjini akiwatangazia watu kwamba Arabuko-Sokoke hakuna kitu.

Halafu wapo ndovu. Miti ya huko imesongamana kiasi kwamba huwezi kumwona ndovu mpaka umemkaribia mno. Kinachowalinda watembeaji ni masikio ya mwongozaji wao, anayesikia tawi likivunjika au tumbo likinguruma kichakani. Kwa sababu hiyo, hata yule kijana mstaarabu aliyechomeka muziki wake masikioni ili asimsumbue mtu hafai kuachwa hivyo. Adabu amekwisha kuionyesha, lakini mwongozaji akimnong'oneza asimame, hatasikia.

Hori ya Mida ina mambo yake. Hapo wanakijiji walijengewa daraja la mbao lililoning'inia kwa kamba katikati ya mikoko, likiishia kwenye banda la kutazamia ndege. Ada za wageni husaidia kuwalipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vilivyopakana na msitu na hori, chini ya mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka wa 2001. Kwa hivyo ndege wakihama, wenye hasara si wazungu wenye darubini tu. Yuko mtoto wa hapo hapo ambaye karo yake imefungamana na ndege hao.

Na ndege wenyewe ni wageni wa mbali. Yuko mla kaa mwenye rangi nyeupe na nyeusi na mdomo mnene, ambaye huzaa mashimoni katika fukwe za mchanga za Uarabuni na Ghuba. Wako vilevile ndege wadogo wa matopeni waliozaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi. Mwezi wa Machi na Aprili wadogo hawa hula kwa pupa ili waweke mafuta mwilini, kwa maana wana safari ya maelfu ya kilomita. Kila wanaporushwa na kelele hupoteza muda wa kula na kuyachoma mafuta yale yale waliyoyatafuta. Isitoshe, sauti juu ya maji haifi upesi. Jioni hewa iliyo karibu na maji huwa baridi kuliko ile ya juu, nayo huirudisha sauti chini badala ya kuiacha ipotee angani. Spika unayodhani inawatumbuiza watu wanne mashuani huweza kusikika ng'ambo ya pili.

Wapo watakaouliza, mbona Wagiriama wenyewe wanapiga ngoma? Ni kweli, gonda na mwanzele si ngoma za kunong'onezana. Hata hivyo, ngoma hizo zina wakati wake, mahali pake na sababu yake. Na katika makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2008, mgeni haingii ila kwa idhini ya wazee, na akishaingia hafuata ya kwake. Mwenyeji anajua lini msitu unaachiwa utulivu wake. Sisi wa mjini ndio tumelisahau somo hilo, pengine kwa sababu majirani zetu nao hawalali.

Sasa tufike kwenye suala gumu zaidi, ambalo halihusu muziki wa kucheza. Arabuko-Sokoke ina bundi mmoja mdogo sana, urefu wake kama kalamu. Wanasayansi walimpa jina mwaka wa 1966, na mbali na pwani hii ya Kenya anajulikana tu katika vilima vya chini vya Usambara, Tanzania. Wageni hutoka mbali kumtafuta. Anaishi upande wa msitu wenye udongo mwekundu, na usiku hulia kwa mluzi mfupi unaorudiwa tena na tena. Njia rahisi ya kumwona ni kumchezea sauti yake mwenyewe. Zamani ilihitaji kinasa sauti na kaseti. Leo kila simu inaweza kubeba bundi wa dunia nzima.

Bundi akiisikia sauti hiyo hudhani mwenzake amemvamia mpakani. Huacha kuwinda, huacha hata kiota, akaja kumfukuza adui asiyekuwepo. Mara moja si neno. Lakini wakija wageni leo, kesho na keshokutwa, kila kundi likimwita yule yule, atawinda saa ngapi?

Mwongozaji naye ana watoto wa kulisha, na mgeni aliyelipa anataka bundi wake. Simlaumu. Mwenye adabu huicheza sauti kwa muda mfupi na kwa chini, akijibiwa anazima, wala hagusi mahali penye kiota. Walio hodari zaidi hawaihitaji simu. Wanayajua matawi ambamo bundi hulala mchana, nao hukupeleka ukamtazame kimya akiwa amesinzia. Ukipata mwongozaji wa namna hiyo, mwongeze bakshishi, tena mbele ya wenzake. Na wewe mwenyewe usijaribu kumwita ndege yeyote kwa simu yako, hata kwa mzaha wa kuwachekesha watoto.

Ufuoni usiku, kasa wakija kutaga, kanuni ni ile ile: taa na vishindo vinaweza kumrudisha mama baharini kabla hajataga yai hata moja.

Wapi basi pa kucheza? Mjini Watamu kuna mabaa na hoteli zenye muziki hadi usiku mwingi, na huko hakuna sange wa kushtuka. Waongozaji wa msitu hupatikana kwenye kituo cha Gede, kando ya barabara kuu. Ukitaka bundi wa usiku, panga naye mchana, ufike kabla jua halijatua, uvae suruali ndefu na ubebe tochi. Spika iache garini, na gari lifunge.