Mama krimu, baba krimu, watoto weusi! Siri iliyotoka usiku mbwa anazaa

Mjini hapa biashara ya mbwa wa mbegu imekuwa ishu. Zamani ukimwona mtu anafuga mbwa ujue anaogopa wezi, basi. Siku hizi mbwa ana shampuu yake, ana picha zake mtandaoni, na kuna watu wanalipia kitoto kimoja hela inayozidi kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Ndo hapo mdada mmoja mpambaji maharusi, ambaye mabibi harusi kibao wa Dar wameshapita mikononi mwake, akaona na yeye aingie.

Mdada alikuwa na jike la Labrador, krimu safi, miaka miwili na nusu. Kwa wasiojua, hawa ni mbwa wa kazi kabisa. Asili yao ni Newfoundland, kule Kanada, walikokuwa wakisaidia wavuvi. Waingereza wakawapenda, wakawachukua, na mwaka 1903 Kennel Club ya Uingereza ikawatambua rasmi. Kazi yao ilikuwa kumfuata ndege aliyepigwa risasi, hata akidondokea kwenye maji, na kumleta kwa bosi bila kumtafuna. Ndo maana mdomo wao ni laini, wanapenda maji, na hawana roho mbaya. Rangi zao ni tatu tu: nyeusi, chokoleti na njano. Hiyo krimu ambayo watu wanaigombania imo ndani ya njano.

Hesabu ya mdada ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Kitoto kimoja laki saba. Kabla mbwa hajatokeza hata tumbo, wateja sita walishatoa kishika uchumba, laki mbili mbili. Milioni moja na laki mbili mkononi! Mwenye dume, jamaa mmoja wa Mbezi, hakutaka hela. Alitaka kitoto kimoja, tena achague wa kwanza.

Mbwa alipoingia kwenye joto, akapelekwa Mbezi. Siku mbili, akapandwa mara mbili, akarudi nyumbani. Jamaa alimwambia mdada neno moja muhimu: "Dada, mfungie mpaka wiki tatu za joto ziishe. Usione ameshapandwa ukadhani kazi imekwisha." Mdada akampa maagizo mdogo wake wa kiume, kijana aliyemaliza kidato cha nne anayekaa naye, halafu akaendelea na maharusi yake.

Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Mdada alijipanga kweli, hilo apewe haki yake. Alimpima utrasaundi mwezi ulipofika, akaambiwa wamo wengi. Akaongeza chakula taratibu wiki za mwisho. Alipotaka kumpa vidonge vya kalsiamu, dokta wa mifugo akamkataza, akasema ukimpa kalsiamu nyingi wakati wa mimba mwili wake unazoea vya bure, halafu akianza kunyonyesha ndo anaanguka na degedege. Fundi akatengeneza boksi la mbao, pana, lenye kibao pembeni ili mama akilala asimbane mtoto ukutani. Ndani zikawekwa kanga kuukuu.

Wiki ya mwisho wakawa wanampima joto asubuhi na jioni. Mbwa mzima anacheza kwenye nyuzi 38 na pointi zake. Likishuka chini ya 37, ujue ndani ya siku moja hivi kazi inaanza. Siku hiyo asubuhi kipimajoto kikasoma 36.8. Mbwa akagoma kula, yeye ambaye huwa anakula mpaka soksi. Mchana kutwa anahema, anachimba kanga, anamwangalia mdada kama anamdai.

Saa nne na dakika arobaini usiku akatoka wa kwanza. Krimu. Mama akachana kile kifuko, akakata kitovu kwa meno, akamlamba mpaka akalia. Wa pili, krimu. Mdada alikuwa analia na kucheka huku anarekodi.

Wa tatu akatoka mweusi tii.

Mdada akapiga kelele za furaha, "Jamani, na mweusi yupo!" Mdogo mtu, aliyekuwa ameshika tochi, akanyamaza ghafla. Hakuna aliyemtilia maanani, maana hapohapo umeme ukakatika.

Watu wengi hawajui kwamba kitoto cha mbwa kikizaliwa hakiwezi kujitengenezea joto la kutosha. Kikipoa, hata kunyonya hakiwezi. Wiki ya kwanza pale kilipolala panatakiwa pawe na nyuzi kama 30, na usiku ule kulikuwa na mvua na upepo, taa ya kupasha joto imekufa. Mkaa chumbani hawakuthubutu, moshi wake ungewamaliza wote. Aliyewaokoa ni mama wa jirani, mtu mzima ambaye kwa dini yake mbwa hamgusi na hajawahi kuvuka lile geti. Alisikia vurugu, akauliza ukutani kuna nini. "Shikamoo mama, mbwa anazaa, umeme hakuna." Akajibu, "Marahaba. Leteni chupa." Alichemsha maji kwenye gesi yake mpaka saa tisa usiku, anajaza chupa za plastiki, anazipitisha juu ya ukuta. Zikafungwa kanga, zikapangwa pembeni ya boksi.

Saa saba na nusu walikuwa wamefika sita, na mweusi wa pili akiwemo. Kisha kimya. Kupumzika kati ya mtoto na mtoto ni kawaida, hata saa moja au mbili. Lakini mbwa akianza kusukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kinachotoka, hapo si pa kusubiri. Mdada akampigia dokta. Dokta akasema nakuja, ila mtembeze uani wakati nipo njiani. Wakamtembeza kwenye mvua, mdogo mtu ameshika mwamvuli juu ya mbwa, yeye analowa.

Waliporudi ndani zikatokea nyayo mbili ndogo za nyuma. Mbwa kutanguliza miguu si ajabu, wengi tu huzaliwa hivyo. Tatizo huyu alikwama hapo. Dokta alikuwa bado njiani, akawaelekeza kwa simu: shika kwa taulo safi, vuta taratibu kuelekea chini, na uvute pale mama anaposukuma tu. Mtoto akatoka. Wakamfuta pua, wakamsugua kwa taulo dakika kumi na tano, dakika ishirini. Hakuamka. Wa nane alikuja nyuma yake kirahisi tu, mzima, krimu.

Hesabu ya alfajiri: saba hai, watano krimu, wawili weusi. Mmoja kafungwa kwenye kipande cha kanga.

Dokta alifika, akampapasa mama kuhakikisha tumbo liko tupu, akapima watoto uzito mmoja mmoja. Alipofika kwa weusi akasimama. Akauliza, "Baba ana rangi gani?" Mdada akajibu krimu, kama mama. Dokta akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

Akamweleza kwa lugha rahisi. Rangi ya njano kwa Labrador ni kama kadi. Ili mtoto awe wa njano lazima apokee kadi ya njano kwa mama na nyingine kwa baba. Weusi wawili wanaweza kuzaa wa njano, kwa sababu kila mmoja anaweza kuwa ameificha kadi hiyo. Ila njano wawili hawana kadi nyingine ya kutoa. Hawazai mweusi. Mweusi akitokea, kuna baba mwingine. Na kwa mbwa hilo linawezekana ndani ya tumbo moja, kwa sababu jike anakubali dume siku kadhaa mfululizo na mbegu zinaishi ndani siku nyingi. Watoto wa mimba moja, baba wawili.

Mdogo mtu ndo akafunguka. "Dada, siku ile nilimtoa uani kidogo ajisaidie. Nikaingia ndani kuchukua simu. Nilivyorudi yule mbwa wa kwa fundi magari alishapita pale ukuta ulipobomoka. Wameshanasana. Niliogopa kukwambia." Miezi miwili kijana anatembea na siri hiyo, kila siku anamwekea mbwa chakula.

Mdada akauliza kitu ambacho hata wewe unajiuliza: mbwa wa fundi ni wa rangi ya udongo, sasa weusi wametoka wapi? Dokta akasema weusi ni wa mama mwenyewe. Labrador wa njano anao weusi, umefunikwa tu. Baba wa mtaani alichofanya ni kufungua kifuniko.

Sasa ngoma ikaanza. Wateja sita. Jamaa wa Mbezi lazima achukue krimu mmoja. Wanabaki krimu wanne na weusi wawili. Sita kamili! Shoga yake akamwambia kwenye simu, "Wewe nawe, kwani Labrador weusi hawapo? Uza kwa laki saba, nani atajua?" Na kweli, kitoto cha wiki moja, kinene, cheusi, masikio yamelala, nani angejua? Halafu ile milioni na laki mbili ilishatumika: boksi, utrasaundi, chakula, dokta wa usiku. Mbele kulikuwa na dawa za minyoo kuanzia wiki ya pili, na chanjo kuanzia wiki ya sita, maana parvo ikiingia kwenye boksi la vitoto inaweza kufagia wote.

Mdada alikaa na jambo hilo siku nane bila kusema na mdogo wake zaidi ya salamu. Kilichomgeuza ni meseji ya mteja mmoja, mama wa watoto wawili, aliyeandika kwamba wake atamlea vizuri ili na yeye baadaye aje azalishe. Hapo akaona uongo huu hauishii kwake. Utazaa, na utazaa tena, na kila mwaka kuna mtu atauliza huyu mweusi katoka wapi.

Siku ya tisa akawatumia wote ujumbe mmoja: "Habari zenu. Mbwa wangu amezaa, saba wazima. Wawili weusi si Labrador kamili, alipandwa na mbwa wa mtaani nyumbani kwangu. Krimu watano naamini ni wa dume la Mbezi, ila bila kipimo cha DNA siwezi kuwaapia, maana dume la mtaani nalo linaweza kuwa limebeba kadi ya njano. Bei ya krimu sasa ni laki nne na nitaandika hivyo kwenye risiti. Anayetaka hela yake atarudishiwa kabla ya mwezi kwisha."

Majibu yakaja. Wawili wakataka hela yao, mmoja kwa heshima, mwingine kwa matusi na kumtangaza tapeli. Watatu wakakubali krimu. Wa sita, baba mmoja mwenye duka, akasema yeye alitaka mbwa wa kucheza na mwanawe, cheti hakili ugali, akachukua mweusi kwa laki mbili ileile aliyotoa. Jamaa wa Mbezi alikuja amevimba, akasema jina la dume lake limechafuliwa, akachagua kidume kikubwa kuliko wote akaondoka.

Laki nne za kurudisha zilitoka kwenye maharusi matatu ya wikiendi mbili, mdada hajalala. Aliyetukana alirudishiwa wa kwanza.

Vitoto viliondoka vikiwa na wiki nane, vimekula dawa na vimechanjwa chanjo ya kwanza, kila kimoja na kikaratasi chake. Krimu mmoja bado anatafuta mteja. Mweusi wa pili hakuuzwa. Mdogo mtu alimwomba dada yake amwachie, na chakula chake analipa mwenyewe kwa kuosha pikipiki za bodaboda pale kijiweni. Ukuta ule kauziba yeye, tofali kwa tofali.

Ila ndugu hawa bado hawajakaa vizuri. Dada anasema kilichomuuma si mbwa wa fundi, ni ile miezi miwili ya kunyamaziwa ndani ya nyumba yake. Kijana anasema angesema mapema angefukuzwa. Wadau, hapo nani mwenye haki?