Butembo: kamba ya Jumapili asubuhi na pikipiki iliyokwenda upande

Kila Jumapili saa 12 asubuhi, kabla ya watu wa nyumba kujitayarisha kwenda misa, dereva mmoja wa taksi pikipiki wa komine ya Bulengera, mjini Butembo, anasukuma pikipiki yake katikati ya parsele na kuisimamisha kwa stendi ya katikati. Mtoto wake wa kwanza analeta kamba ya nailoni. Wa pili analeta spana mbili na kitambaa. Mwanzoni majirani walikuwa wakicheka: "Papa, unapima nyumba ama pikipiki?" Siku hizi hawacheki tena. Wawili kati yao wamekwisha kuazima ile kamba.

Pikipiki yenyewe si yake. Ni ya mama mmoja mwenye duka la vitenge, na kila jioni dereva anampelekea pesa waliyopatana. Ndivyo wengi wanavyofanya kazi hapa mjini. Pikipiki ikilala, pesa ya mwenyewe inalala, na chakula cha watoto wa dereva kinalala pia. Kwa hiyo alipoona kwamba usukani unabaki umegeuka kidogo kushoto hata pale anapokwenda moja kwa moja, alifanya kama wengi: alikaza mikono na kuendelea na kazi.

Alilaumu barabara. Nani asingefanya hivyo? Udongo mwekundu, vumbi wakati wa jua, utelezi wakati wa mvua, mashimo kila hatua. Baadaye tairi la nyuma likaanza kulika upande mmoja tu. Mnyororo nao ukaanza kulia. Alipofika kwenye garaji, fundi kijana alitazama alama ndogo zilizochorwa kwenye mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma. Kushoto mstari wa tatu, kulia mstari wa tatu. "Iko sawa, yaya," alisema, na kazi ikaishia hapo.

Haikuwa sawa. Jioni moja ya mwezi wa 10, kwenye mteremko, mvua ikinyesha, mnyororo uliruka kutoka kwenye meno na kunasa. Gurudumu la nyuma likafunga. Dereva na mwanafunzi aliyekuwa amembeba wakaangukia mtaroni. Mtoto alichubuka goti na kupoteza kiatu kimoja, basi. Lakini dereva hakulala usiku ule. Anasema kila alipofumba macho aliona barabara ya taifa namba 2, na lori lililobeba mbao likija nyuma yao.

Aliyemfundisha kamba ni muzee mmoja jirani, aliyekuwa akitengeneza baiskeli tangu zamani, kabla pikipiki hazijajaa mjini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza swali moja: "Mwanangu, alama zile nani alizipima?" Dereva hakuwa na jibu. Muzee akamweleza kwamba alama zinasaidia tu ikiwa chuma bado kiko kama kilivyotoka kiwandani. Chuma kikigongwa, kikipinda, kikichomelewa, mistari inabaki kulingana huku gurudumu linatazama pengine.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na injini lazima iwe imezimwa, kwa sababu mnyororo unaozunguka unakata vidole. Kamba inafungwa nyuma ya tairi la nyuma, mahali ambapo haitagusa stendi wala bomba la moshi. Ncha zake mbili zinapelekwa mbele, moja kila upande, mpaka zipite tairi la mbele. Watoto wawili wanazishika na kuzivuta kwa urefu mmoja kutoka ardhini. Kamba inapaswa kugusa tairi la nyuma kwenye ukingo wake wa nyuma na ukingo wake wa mbele, bila kupindishwa.

Kisha usukani unanyooshwa, na macho yanakwenda kwenye tairi la mbele. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za hapa, tairi la mbele lina kipimo cha 2.75 na la nyuma 3.00. La mbele ni jembamba kwa karibu milimita 6, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita 3 hivi kila upande. Tairi likizeeka namba hizo zinabadilika kidogo. Lililo la lazima ni nafasi ya kushoto ilingane na ya kulia.

Jumapili ile ya kwanza, mtoto mdogo ndiye aliyeona: "Papa, huku kamba imegusa!" Kulia kamba ilibana tairi la mbele, kushoto kidole kizima kilipita. Muzee alimwambia asisahau neno hili: upande ambao kamba inabana tairi la mbele, ndio upande ambao ekseli inahitaji kuvutwa nyuma. Dereva alilegeza nati kubwa ya ekseli, akakaza nati ndogo ya kuvutia upande wa kulia kwa robo mzunguko, akapima, akakaza robo nyingine, akapima tena. Baadaye akaangalia ulegevu wa mnyororo, ambao kwa pikipiki nyingi za aina hii ni sentimita 2 hadi 3 katikati, kama kitabu chake kinavyosema. Akazungusha gurudumu polepole ili apime mahali ulipokaza zaidi. Akalegeza kidogo breki ya nyuma, kwa sababu ekseli ikirudi nyuma ufito wa breki unavutika na breki inaweza kushika yenyewe. Mwisho akakaza ekseli na kupima kwa kamba mara nyingine, kwani kule kukaza kunaweza kusogeza kila kitu.

Kamba ikalingana pande zote. Dereva alitabasamu. Muzee hakutabasamu. Alichuchumaa nyuma ya pikipiki, akafumba jicho moja na kutazama mnyororo kutoka nyuma kwenda mbele. Ulikuwa unaingia kwenye meno kwa upande. Akaomba kijiti, akapima kutoka kwenye boliti inayoshikilia ule mkono wa chuma mpaka katikati ya ekseli, upande huu na upande ule. Kulia kulizidi kushoto kwa karibu upana wa kidole. Wakaosha matope. Chini yake kulikuwa na mshono wa kuchomelea, wa zamani, uliopakwa rangi nyeusi.

"Kamba hainyooshi chuma," muzee alisema. "Inakuonyesha tu kwamba kimepinda."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama mwenye pikipiki aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na hakuambiwa habari ya mshono. Dereva akimwambia, anaweza kufikiri kwamba yeye ndiye aliyeiangusha na kuivunja. Vijana wanaotafuta pikipiki ya kuendesha ni wengi Butembo. Mkewe alimwambia: "Ukinyamaza tutakula mwezi huu. Na mwezi ujao?"

Jumatatu hakubeba mteja hata mmoja. Alisukuma pikipiki kwa mguu mpaka mbele ya duka, akaomba radhi kwa mama, akarudisha ekseli kwenye mistari ya tatu, kushoto na kulia, kisha akafunga kamba. Hakueleza mengi. Alimwomba mama ashike ncha moja mwenyewe, atazame. Mama alitazama kamba, akatazama mshono, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Watoto wangu umewapeleka shule na hii tangu lini?"

"Tangu mwezi wa 9, mama."

Mkono mpya wa chuma ulipatikana baada ya siku 4. Mama alilipa kifaa na fundi, na hakudai pesa ya siku hizo. Dereva hakupata kitu, na nyumbani walikula fufu na sombe bila samaki. Tangu hapo usukani unatazama mbele, na tairi jipya linalika sawasawa pande zote mbili.

Wamotari wengi hapa wanasema hawana wakati wa mambo kama haya. Lakini kamba haina bei, na watoto wa kuishika wako katika kila parsele. Wewe unayeendesha ya mwenyewe au ya mwingine, jaribu Jumapili hii. Ikilingana, nenda misa ukiwa na amani. Isipolingana, na nati zikashindwa kuirekebisha, usikaze mikono kwenye usukani. Mpelekee mwenye pikipiki kamba, naye ashike ncha moja.