Mshipi wa mjomba, samaki wa Wamarekani

Wale mnaouliza mbona kimya: sijasafiri wala sijaacha kazi. Nimekuwa nasoma habari za mishipi ya kuvulia samaki. Ndiyo, mishipi, ndoana na chubwi. Mtu mzima mwenye shahada yake naingia ofisini asubuhi, nafungua kompyuta, na kabla sijasoma magazeti ya wenzetu naangalia kwanza Wamarekani wanavyobishana kama uzi wa kusuka ni bora kuliko nailoni. Mwenzangu wa dawati la michezo ameshaanza kuniita Petro.

Chanzo ni mjomba. Yeye ni mtu wa Lufingo, kule Rungwe, ana vishamba vyake vya chai na migomba. Lakini mkewe ni wa Matema, chini ziwani, na mtumbwi wa marehemu baba mkwe umebaki mikononi mwake. Kwa hiyo maisha yake ni ya kupanda na kushuka. Wiki mbili anachuma chai kwenye ukungu wa Rungwe, wiki mbili yuko ziwani Nyasa anavua usiku. Mwezi wa tano nyavu zake mbili ziliibwa zikiwa zimeanikwa ufukweni. Zilikuwa nyavu halali, za macho makubwa, na hakuna aliyeona kitu. Binti yake yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi na awamu ya mwisho ya ada inadaiwa kabla ya mitihani. Asipolipa haingii chumba cha mtihani.

Mjomba akanipigia. Hakuomba ada, maana anajua mimi nalipwa kwa habari iliyotoka gazetini, na habari haitoki kila siku. Akasema, "Mwipwa, nitumie mshipi mzuri wa kuvulia chini. Nitarudi kwenye ndoana mpaka nipate nyavu nyingine. Wewe uko mjini, unajua vitu."

Unajua vitu! Kwa kipato changu nilikuwa na elfu themanini za kutumia, basi. Kwa hiyo ilibidi nijue kweli.

Sasa ukiingia kwenye intaneti kutafuta habari za kuvua chini, yaani ule uvuvi wa kushusha chubwi mpaka ikae sakafuni na chambo kielee karibu yake, utakutana na samaki mmoja tu: bass. Ni samaki wa Amerika ya Kaskazini, ana mdomo mkubwa kama mwanasiasa, na Wamarekani wanampenda hadi wanashindania fedha nyingi kumvua. Kwa Afrika Mashariki mahali anapojulikana zaidi ni Naivasha, Kenya, alikopelekwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya starehe ya kuvua. Mwaka 1970 wakaongezwa na kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, na bass wakawala kwa furaha. Nyasa hayupo, na aendelee kutokuwepo. Ziwa lile lina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani popote pengine duniani, na yaliyotokea Victoria baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 sote tunayajua.

Lakini elimu ya Wamarekani hawa ni elimu. Nyuzi ziko za aina tatu. Kuna nailoni ya kawaida ya uzi mmoja, ile tuliyoizoea. Inavutika, inakunywa maji kidogo na nguvu yake hupungua ikilowa, lakini bei yake ni ya binadamu. Kuna fluorokaboni, kazi ya Wajapani tangu mwaka 1971. Ni nzito kuliko nailoni kwa hiyo inazama haraka, na inapindisha mwanga karibu sawa na maji, ndiyo maana samaki haioni vizuri. Halafu kuna uzi wa kusuka wa poliethilini, mwembamba kama wa cherehani lakini mgumu kukatika ajabu. Huu hauvutiki karibu hata kidogo. Samaki akigusa chambo mita hamsini chini, mkono unajua papo hapo.

Ukisoma maoni yao wote unaishia sehemu moja: chukua wa kusuka, funga kipande cha fluorokaboni mwishoni, kazi imekwisha. Nikaenda Kariakoo kuuliza bei. Boksi moja la wa kusuka, la maana, lilikuwa linameza zaidi ya nusu ya fedha yangu kabla sijagusa ndoana hata moja. Nikasema potelea mbali, kama ndio mzuri ndio mzuri. Ila kabla ya kulipa nikampigia mjomba kumweleza.

"Ugonile, mjomba."

"Ndaga, mwipwa. Enhe, umepata?"

Nikamweleza habari yote, unene, nguvu, kutovutika. Akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akauliza swali moja: "Huo uzi ni mwembamba kama wa cherehani, na mimi nauvuta kwa nini?"

Jamani. Wamarekani wote wale wana fimbo na gurudumu la kuviringishia uzi. Mjomba ana vidole. Yuko kwenye mtumbwi wa gogo, usiku, anavuta kwa mikono mitupu iliyolowa, na upande wa pili wa uzi kuna samaki wa kilo kadhaa ambaye hataki kuja. Uzi mwembamba usiovutika ukipita kwenye vidole hivyo unafanya kazi ya wembe. Na mkono uliokatika hauchumi chai wiki inayofuata. Hicho kitu hakikuandikwa popote, kwa sababu wanaoandika hawavui hivyo.

Kuanzia hapo nikageuza utaratibu, nikawa namuuliza yeye. Niliona aibu kidogo kwa ajili ya wote tunaoitwa "wasomi" kwenye harusi za kijijini. Kumbe mjomba ana nadharia kamili. Samaki anayemtaka ni yule ambaye ng'ambo ya Malawi wanamwita kampango, jamii ya kambare, mwenye sharubu, hana magamba, anayekaa chini na kuwinda usiku. (Watafiti waliwachunguza wakakuta dume na jike wote wanalinda watoto, na jike huwalisha mayai yake yasiyorutubishwa. Nilipomwambia mjomba alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo tunavua wazazi." Hatukuendelea na mada hiyo.) Mbasa, yule ambaye Kyela nzima inamsifia, si wa huko chini, kwa hiyo tumsahau kwa leo.

Neno "chini" nalo lina mpaka wake. Ziwa Nyasa lina kina cha karibu mita 700 pale linapozidi, na Matema ukipiga makasia kidogo kuelekea Milima ya Livingstone sakafu inaporomoka chini ya miguu yako. Lakini kuanzia kama mita 250 kwenda chini hakuna oksijeni, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki. Hapo hakuna samaki, hata utupe uzi wa dhahabu. Mjomba hajui neno oksijeni kwa maana hiyo, ila anajua kuwa kazi yake ni kati ya mita thelathini na sitini, na kwamba mshipi wa mita mia unatosha na kubaki. Mimi nilikuwa napigia hesabu mita mia tatu!

Kwa wale wa Rungwe, mfano wa jambo hili mnao nyumbani. Ziwa Masoko, lile la Kisiba mnalopita mkishuka Ipinda, lina kina kisichofika mita 40, na chini kabisa kwake pia hakuna hewa. Mwaka 2015 wanasayansi waliandika kwenye jarida la Science kuwa ndani ya kile kisahani kimoja samaki wa aina moja wanagawanyika wawe wa aina mbili. Madume ya pembeni kwenye mwanga ni ya njano, ya kilindini kwenye giza ni ya buluu. Walikadiria mgawanyiko huo ulianza miaka 500 hadi 1,000 iliyopita. Watoto wa pale wanavua kwa vijiti na funza, na nadhani hawana habari kuwa wametajwa Marekani.

Turudi kwenye mshipi. Tulichokubaliana ni hiki. Mshipi mkuu uwe uzi wa nailoni uliosokotwa, ule ule wa kushonea nyavu, mnene, wenye kushikika. Unauzwa kwa uzito na bei yake haitishi. Unavutika, ni kweli, na hapo nikapata nafasi ya kutoa mchango wangu mmoja: ndoana za duara, zile ambazo ncha yake imekunjwa kuelekea shina. Hizi hazihitaji ukurupuke kuvuta. Samaki akichukua chambo na kugeuka kuondoka, ndoana inajinasisha yenyewe pembeni ya mdomo. Kwa hiyo hata kama uzi umevutika na taarifa imechelewa kufika kidoleni, samaki bado yupo. Mjomba alizitilia shaka ("hii imepinda, umeuziwa mbovu") lakini akakubali kujaribu.

Mwishoni mwa mshipi, mita mbili za nailoni ya uzi mmoja, nene milimita 0.70. Maji ya Nyasa ni maangavu mno, na uzi huu mgumu unasaidia pia ndoana zisijisokote. Fluorokaboni tuliiacha dukani. Usiku, mita hamsini chini, sioni samaki gani anakagua uzi.

Mwenzangu wa Petro akauliza kama nailoni ya uzi mmoja haijapigwa marufuku. Kilichokatazwa kwenye Kanuni za Uvuvi za 2009 ni nyavu zake, zile ambazo Kanda ya Ziwa wanaita timba. Wavu wa namna ile ukipotea majini unaendelea kuua samaki bila mwenyewe. Mshipi wenye ndoana mbili ni habari nyingine.

Chubwi ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Nilitaka kununua risasi, akakataa. Kwanza risasi ni sumu (Uingereza walizuia chubwi nyingi za risasi mwaka 1987 baada ya ndege kuzimeza na kufa). Yeye hoja yake ilikuwa nyingine: Matema chini ni miamba, na chubwi lazima itanasa. Anatumia jiwe au plagi kuukuu ya pikipiki, amelifunga mwisho kabisa kwa uzi dhaifu, ndoana zikiwa juu yake. Likinasa anavuta, uzi dhaifu unakatika, jiwe linabaki, ndoana zinarudi. Mpangilio huo wa uzito chini na ndoana juu ndio Wamarekani wanaouza kwenye vipakiti vya rangi kwa ajili ya bass, na wana video za saa nzima kuufafanua. Baba mkwe wake alikuwa anafanya hivyo kabla sijazaliwa.

Fedha ikabaki. Nikaongeza ndoana dazeni mbili zaidi na tochi ya kichwani, nikafunga mzigo, nikaupeleka kwenye basi la Kyela ushushwe Tukuyu stendi. Siku tatu baadaye mjomba alikuwa ziwani, vidole vimevishwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli.

Usiku wa kwanza alipata vidogo vinne. Wa pili upepo wa kusi ulikataza mtu kutoka. Wa tatu alipata kampango wawili wakubwa, mmoja alimvuta mpaka mtumbwi ukageuka mwelekeo, na wote wawili waliuzwa kwa mama mmoja wa hoteli hata jua halijatoka. Mpaka jana alikuwa ameshatuma chuoni karibu nusu ya deni. Mitihani ni baada ya wiki tano.

Amenipigia asubuhi hii nikiwa kwenye mkutano na waandishi wa wizara moja, nikatoka nje kupokea. Mawe yaliyobaki chini ni tisa, ndoana alizopoteza ni mbili tu. Anataka nyingine zile zile zilizopinda, namba moja kubwa zaidi, na amesisitiza nisinunue uzi.