Ile Video ya Shoki Niliifuta Mwenyewe

Wasee, kama umekuwa ukitafuta ile video yangu ya kujaza shoki kwa elfu mbili, usijisumbue. Niliifuta mwezi uliopita. Ndiyo iliyotazamwa zaidi kwenye ukurasa wangu, kwa hivyo mjue haikuwa rahisi.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, anko aliniachia Mazda Roadster yake ya 2001. Gari ya watu wawili, uzito kama tani moja tu. Ukipita nayo Nyeri mjini, watu wa boda wote wanageuza shingo. Shida ilikuwa shoki za nyuma, zilikuwa zinavuja. Pesa za mpya sikuwa nazo. Fundi mmoja akaniambia atazitoboa, azijaze mafuta, kisha achomelee pale. Nikarekodi, nikaweka, laiki zikamiminika.

Wiki tatu gari ilikuwa fiti. Halafu nikaenda Othaya na sista yangu mdogo, mvua imetoka kunyesha. Kwenye ile miteremko ya Mto Gura, katikati ya kona, tairi la nyuma lilipiga shimo na badala ya kutulia likaendelea kuruka. Gari ikazunguka. Tulisimama tukiangalia tulikotoka. Bahati yetu, hakuna gari lililokuwa linakuja. Sista hakulia. Aliniuliza tu, "Si ulisema umetengeneza?"

Na video bado nikaiacha hewani. Hapo ndipo ninapoona aibu.

Kilichonishinda ni ujumbe wa kijana mmoja wa Karatina: "Bro, nilifanya vile ulisema kwa Probox ya buda. Zimeanza kuvuja tena. Nijaze mara ya pili?" Buda wake hubeba nyanya usiku kupeleka Nairobi. Hiyo video niliifuta usiku huohuo.

Asubuhi nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa Ruring'u. Alinisikiliza bila kunicheka.

"Kijana, springi ndiyo inabeba gari. Shoki kazi yake ni kuzuia springi isicheze."

Ndani ya shoki kuna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vitundu vidogo sana. Hiyo ndiyo inayotuliza gari baada ya shimo. Shoki nyingi pia zina gesi. Ukizitoboa, gesi imeenda. Mafuta unayoongeza si yale yaliyopimwa kiwandani, na sili iliyochoka ni ileile. Kumbe nililipa elfu mbili ili zivuje baadaye kidogo.

Gari ikalala mwezi mzima nikipiga picha za harusi kutoka Mweiga hadi Nanyuki. Nikapata elfu ishirini na sita, nikanunua shoki mbili mpya, zikaletwa na matatu kutoka Nairobi. Hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, la sivyo gari inashika barabara upande mmoja kuliko mwingine.

Mzee aliniruhusu kurekodi. "Lakini usiwaambie ni rahisi," akasema. Si rahisi. Springi lazima ibanwe kwa kifaa chake kabla ya kufungua nati ya juu, kwa sababu ikifyatuka inaweza kukuvunja mkono. Bolti zinazopita kwenye bushi hukazwa mwisho, gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake, ama raba zinajipinda na kukatika mapema. Baada ya hapo tukaenda kupima alaimenti.

Wewe anza na hili: chungulia nyuma ya tairi. Ukiona shoki imelowa mafuta, imekwisha. Bonyeza kona ya gari kisha uachilie. Ikiendelea kudunda, peleka kwa fundi. Usingoje kona ikuambie.

Najua wengi wetu hatuna elfu ishirini na sita. Hata mimi sikuwa nazo. Lakini rimu nilikuwa nimenunua, na ekzosi ya kelele pia, kwa sababu hizo zinaonekana kwa kamera. Shoki haionekani.

Yule kijana wa Karatina nilimwambia amweleze buda ukweli. Buda alikasirika, lakini Probox haikwenda Nairobi usiku huo. Mimi nikamtumia ile elfu mbili yake kwa M-Pesa. Kama na wewe ulijaza kwa sababu yangu, niandikie. Sitakuwa na za kurudishia kila mtu, lakini angalau nitakuambia ukweli kabla hujafika kona.