Nilikaa Eda Kando ya Bwawa

Mume wangu alifariki mvua za masika zilipokuwa zimekolea, akaniachia watoto watatu, deni, na samaki 40. Samaki nawataja hapo hapo pamoja na watoto kwa sababu deni lilikuwa limo ndani yao. Mteja mmoja anayejenga hapa hapa Mapinga, upande wa baharini, alikuwa ametulipa nusu ya bei mapema ili tumkuzie koi 25 wafike urefu wa futi moja kabla ya mwaka kwisha. Pesa ile ilikwenda yote kwenye matibabu, na mgonjwa hakupona.

Marehemu alikuwa fundi wa mabwawa. Alichimba ya sato na kambale kuanzia Bunju hadi Kerege, lakini moyo wake ulikuwa kwa koi. Alipenda kunisimulia kwamba hawa walikuwa samaki wa kitoweo wa wakulima wa mpunga wa Niigata, Japani, mpaka karne ya 19 wengine walipoanza kuzaliwa na madoa mekundu, na wakulima wale wakawatenga na kuwazalisha kwa ajili ya rangi zao tu. "Wakulima wa mpunga kama wa Ruvu," alisema, kana kwamba Ruvu na Niigata ni vijiji jirani. Bwawa letu lilikuwa uani, ndani ya ukuta: mita 4 kwa 3, kina mita moja na robo. Lita 15,000. Chujio lake lilikuwa ndoo moja yenye sponji, na kila Jumamosi alisema atajenga la kweli.

Msiba ulijaa watu. Watoto wa wageni wakagundua kwamba samaki hawa humfuata mtu akisimama ukingoni, wakawatupia wali, maandazi, hata mabaki ya pilau ya hitima. Hakuna aliyewakataza, na nyumba ya msiba haina desturi ya kukataza watoto. Siku ya nne, alfajiri, nilisikia kabla sijaona: sauti ndogo ndogo za midomo ikinyonya hewa juu ya maji. Shemeji yangu naye alizisikia. Kwa nia njema kabisa akayamwaga maji yote, akajaza mapya ya bomba, na sponji akaisafisha kwa mpira wa maji mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Nilimshukuru nikiwa nyuma ya pazia. Siku mbili baadaye walikuwa wamekufa 11.

Eda ya mjane kwetu Waislamu ni miezi minne na siku kumi. Sikuweza kutoka kwenda kutafuta msaada, na wanaume wengi waliojua mabwawa hawakuwa maharimu wangu. Mwenyezi Mungu akaniletea mtoto wa kaka yangu, aliyewahi kusomea ufugaji wa viumbe maji Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi. Huyu nilikaa naye uani bila kikwazo. Aliitazama sponji ile safi, akaniambia, "Shangazi, humu mlikuwa na bakteria. Klorini ya bomba imewamaliza."

Ndipo nikaelewa ndoo ya marehemu ilikuwa ikifanya kazi gani. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na amonia huunguza matamvua hayo hayo. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huharibu damu ikawa ya kahawia isiyobeba hewa. Wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hawaelei ovyo. Hushika kwenye kitu, wakataka maji yenye hewa yapite mbele yao mchana na usiku. Maji yetu ya nyuzi 30 hubeba hewa kidogo kuliko ya nchi za baridi, kwa hiyo hapa pwani nafasi ya kukosea ni ndogo.

Nilichora chujio kwenye daftari la hesabu la mwanangu. Mapipa matatu ya lita 200, yaliyozikwa hadi usawa wa bwawa, yaliyounganishwa kwa bomba la inchi 4 kutoka kwenye sakafu. Maji hutafuta usawa yenyewe, kwa hiyo pampu nikaiweka mwisho kabisa. Ingekuwa mwanzo ingesaga uchafu kuwa uji usiochujika. Pipa la kwanza la kutuamisha, lenye koki chini. La pili la nyavu chakavu, ambazo mpwa wangu alizipata kwa wavuvi wa Bagamoyo. La tatu makazi ya bakteria.

Likashindwa. Uchafu uliruka pipa la kwanza kana kwamba halipo. Nilikaa na daftari hadi adhana ya alasiri. Pampu ilivuta lita 7,500 kwa saa, ili maji yote yapite kila baada ya saa mbili, na kiwango hicho sikutaka kukipunguza. Katika pipa la lita 200 maji yalikaa dakika moja na nusu tu. Kinyesi cha samaki kitazama saa ngapi? Nilihitaji tangi la lita 1,000, maji yakae dakika 8, yaingie kupitia ubavuni ili yazunguke polepole na uchafu ujikusanye katikati. Bangili zangu mbili za dhahabu zilikuwa zimelala kikebeni, maana katika eda sivai pambo. Alinivisha marehemu. Nikampa mpwa wangu akaziuze tununue tangi.

Pipa la tatu tulilijaza vizibo vya chupa za maji, viroba vitatu, watoto wakiviokota njiani wakitoka shule, pamoja na vipande vya mabomba ya nyaya za umeme nilivyovikata mwenyewe kwa msumeno, kidole kwa kidole. Juu yake nikaweka kapu la mawe ya matumbawe yaliyobomolewa kwenye ukuta wa zamani, si ya kung'oa baharini. Bakteria wanapofanya kazi huyachachusha maji taratibu, na chokaa ya matumbawe huyarudisha. Ila hapo pana tahadhari. Kadiri maji yanavyotoka kwenye uchachu ndivyo amonia inavyozidi ukali: katika joto letu, kipimo cha pH kikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Mwani wa kijani hukipandisha zaidi jioni. Kwa hiyo nilipima jioni, si asubuhi peke yake.

Kisha tukangoja, na hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kuchimba. Chujio jipya ni mapipa tu. Bakteria huchukua wiki nne hadi nane kujaa. Samaki 29 waliobaki niliwafungia chakula siku tatu, halafu nikawapa konzi moja kwa siku. Koi hana tumbo la kuhifadhia chakula, chakula huingia moja kwa moja utumboni. Ukimshindilia unalisha maji. Kila siku niliandika rangi za matone ya vipimo. Amonia ilipanda, siku ya 14 ikaanza kushuka, na nitriti ikapanda badala yake. Mpwa wangu akaleta kilo 15 za chumvi ya mashamba ya Bagamoyo, ghafi, kilo moja kwa kila lita 1,000, kwa sababu chumvi huizuia nitriti kuingia kwenye matamvua.

Wanawake walikuja kunitazama, wakanikuta na daftari. Wengine walidhani huzuni imenigeukia. Sikuwa na nguvu za kueleza. Usiku nilipokosa usingizi nilijua angalau kuna kitu kinaendelea mle pipani bila mimi kukisukuma, na kwamba nikikisukuma nitakiharibu.

Siku ya 31 umeme ulikatika saa tano usiku. Bakteria wasiopata hewa hufa nao, na maji yaliyolala ndani ya pipa huoza. Nilikaa ukingoni na pampu ndogo ya hewa ya betri, mwanangu mkubwa akiteka maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa, tukipokezana mpaka alfajiri. Umeme uliporudi nilifungua koki kwanza, nikamwaga maji yale mabovu, ndipo nikawasha. Hakufa hata mmoja. Siku ya 43 amonia ikasoma sifuri, nitriti sifuri. Nililia pale pale, kilio ambacho msibani hakikutoka.

Nilipotoka eda samaki walikuwa wakila mara tatu kwa siku, chini ya kivuli cha makuti, na maji yanaonyesha sakafu. Desemba wakafika futi moja.

Mteja akaja na gari na matangi. Nikamuuliza kuhusu bwawa lake. Lilikuwa na vigae na taa, chujio halikuwepo. Nilikuwa nimebakiza wiki moja tu kabla ya kulipa ada za shule, na nusu ya pesa yangu ilikuwa mfukoni mwake. Nikamwambia samaki hawaondoki. Alikasirika, akanikumbusha deni. Nikamwonyesha daftari, ukurasa wa wale 11. Alilisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho, kisha akauliza chujio la kwake litagharimu kiasi gani.

Tulilichimba kwa siku tisa. Ili lisianze kutoka sifuri, nilichota kiroba kimoja cha vizibo kutoka pipa langu la tatu, vikiwa vimelowa, nikavifunika kwa kanga mbichi visikauke, nikapanda bajaji nimevipakata mpaka kwake.