Mpangaji na Vitu Vyake

Sisi tukaao katika nyumba za kupanga tumezoea kusema ya kwamba nyumba ikipatwa na msiba, khasara ni ya mwenyewe. Neno hili ni nusu ya kweli. Kuta na paa ni mali ya mwenye nyumba, na bima yake, akiwa nayo, hulinda jengo lake. Lakini vitanda, friji, nguo na vitabu ni vyetu. Moto ukizuka au mwivi akivunja mlango, hapana wa kutulipa.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani hapa Mombasa, nami ni mpangaji. Jirani yangu alipounguliwa na vyombo vyake, paa lilitengenezwa, naye akabaki na kanzu aliyovaa. Usiku ule mimi na mama watoto tuliandika katika daftari kila kitu tulicho nacho, pamoja na thamani yake. Tulistaajabu. Cherehani yake peke yake, ambayo kwayo watoto hula, singeweza kuinunua tena kwa mshahara wangu wa miezi mingi.

Wako wasemao kuwa kujikinga hivi ni kukosa tawakkul. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge, kisha amtegemee Mungu. Ama bima ya biashara, wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi waliokutana Jidda mwaka 1985 waliikataza kwa sababu ya gharar iliyomo, wakaijuzisha ile ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful: kila mmoja hutoa mchango wake kwa nia ya kuwasaidia wenziwe, na aliyefikwa na msiba hulipwa katika mfuko huo. Hapa Kenya kampuni ya takaful imekuwapo tangu mwaka 2011. Asili ya jambo hili si ngeni kwetu, kwani Mtume aliwasifu Ash'ariyyun, ambao chakula kilipowapungukia walikikusanya katika nguo moja wakagawana sawasawa.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kutia sahihi ulizeni: Je, wizi umo? Maji ya bomba lililopasuka yamo? Nitalipwa bei ya kitu kipya au ya kilichochakaa? Sehemu gani ya khasara nitaibeba mwenyewe? Na nakala ya daftari iwekeni kwa ndugu, nje ya nyumba, isije ikaungua pamoja na vitu vilivyoandikwa ndani yake.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Amin.